Mnara wa taa ni nini? Maana yake na historia ya mnara wa Chumbe

Mnara wa taa ni jengo refu lililosimamishwa pwani, kisiwani au juu ya mwamba, lenye taa kali kileleni ya kuongozea meli usiku. Maana hiyo ni sahihi, ila wanafunzi wengi hapa Dodoma, ambao bahari hawajaiona, hubaki wakidhani kwamba taa ile humulika maji ili nahodha aione njia. Sivyo. Kazi yake kubwa ni kumjulisha nahodha alipo.

Kwa hiyo kila mnara una mwako wake. Mmoja huwaka mara moja kila baada ya sekunde kadhaa, mwingine mara mbili au tatu mfululizo, kisha giza. Nahodha huhesabu, hutazama ramani yake ya bahari, akautambua mnara. Akishautambua, anajua miamba iko upande gani na bandari ataiingiaje.

Urefu nao una sababu, kwa kuwa dunia ni mviringo. Ukiwa chini ya Mlima Mlimwa unaona nyumba za jirani tu. Ukipanda juu, mji wote uko mbele yako. Vivyo hivyo, taa iliyo mita 30 juu ya maji huonekana umbali wa kilomita 20 hivi hata kwa mtu ambaye jicho lake liko usawa wa maji.

Mnara mashuhuri wa kale ulijengwa Aleksandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo, ukaja kuangushwa na matetemeko ya ardhi. Mwaka 1822 Mfaransa Augustin Fresnel alibuni lenzi ya pete za kioo inayokusanya mwanga na kuutupa mbali.

Kwetu, historia hii imebeba hata mizinga. Mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la sultani huko Unguja, palikuwa na mnara wa taa, ukaharibiwa vibaya na makombora ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha chini ya saa moja. Mwaka 1904 Waingereza hao hao walijenga mnara wa kisiwa cha Chumbe, kilomita chache kusini mwa Mji Mkongwe, na mwaka 1926 ukafungiwa taa ya gesi. Tangu 1994 matumbawe ya Chumbe ni hifadhi, na iliyokuwa nyumba ya mlinzi wa mnara imegeuzwa kituo cha wageni.

Meli kubwa sasa huongozwa na setilaiti, na wapo wanaosema minara imepitwa na wakati. Sikubaliani nao. Kifaa cha umeme cha kusoma setilaiti huzimika, na mvuvi wa ngalawa mara nyingi hana kifaa hicho kabisa. Taa ya mnara anaisoma kwa macho yake, bila kulipia chochote.