Balozi mwenye makazi yake Nairobi

Wiki iliyopita nilikwenda Kaloleni kupunguziwa suruali. Fundi wangu alikuwa ameona kwenye taarifa ya habari balozi wa nchi fulani ya mbali akimkabidhi Rais hati za utambulisho, na mtangazaji akamtaja kuwa ni balozi "mwenye makazi yake Nairobi." Pini zikiwa bado mdomoni akaniuliza, "Mzee wangu, balozi gani huyo anayekaa kwa jirani?"

Nimefanya kazi ya itifaki hapa Arusha muda mrefu, na swali hilo huulizwa hata na watu wenye shahada.

Sababu ya kwanza ya balozi kukaa kwa jirani ni fedha. Ubalozi ni nyumba, magari, walinzi, ada za watoto wa maofisa. Nchi yenye watu wachache kuliko wilaya zetu nyingi haiwezi kujibebesha mzigo huo kila mji mkuu duniani. Mkataba wa Vienna wa 1961, unaoongoza uhusiano wa kidiplomasia, ulilijua hilo. Kifungu cha 5 kinaruhusu balozi mmoja kupelekwa nchi kadhaa, mradi hakuna kati yao inayopinga. Kifungu cha 6 kinaongeza kwamba nchi mbili au zaidi zinaweza kumtuma mtu huyohuyo mmoja. Nchi zote alikopelekwa balozi mmoja tunaziita eneo lake la uwakilishi. Akisharudi Nairobi, shughuli ndogondogo huweza kubaki kwa konseli wa heshima, mara nyingi mfanyabiashara mwenyeji asiyelipwa mshahara.

Na sisi tumefanya hivyohivyo. Salim Ahmed Salim alipokuwa mwakilishi wetu Umoja wa Mataifa, 1970 hadi 1980, alikuwa pia balozi wetu Cuba, Jamaica, Guyana na Trinidad na Tobago, akiwa amekaa New York. Mtu akisikia hivyo hudhani nchi hizo zilipewa makombo. Mimi naona kinyume chake. Wenzake wa Karibiani alikuwa akikutana nao ukumbini na kwenye korido, tena bila kuomba miadi. New York ndiyo baraza la nchi ndogo: huko ndiko tamko la kuanzisha uhusiano wa kidiplomasia hutiwa saini na wawakilishi wawili ambao pengine hawajawahi kukanyaga nchi ya mwenzake. Jumuiya ya Madola ilifungua huko ofisi ya pamoja mwaka 1983 ili nchi ndogo zigawane gharama za pango.

Mataifa makubwa nayo hayazipigii hodi nchi hizo kwa hisani. Katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kila nchi ina kura moja, na kati ya wanachama 193, 14 ni wa jumuiya ya Karibiani, CARICOM. Ukitaka mtu wako apate kiti huko, utawasalimia wote.

Watu wa Arusha tungepaswa kulielewa hili kuliko wengine. Rais wa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda hapa mjini, kuanzia 2007 hadi 2011, alikuwa Jaji Dennis Byron wa Saint Kitts na Nevis. Nchi hiyo ina kilomita za mraba 261. Ichukue yote, visiwa viwili na milima yake, uitandaze kwenye sakafu ya kreta ya Ngorongoro: itaenea, na nyati wakose pa kulala. Sijui ni madereva wangapi waliopita mbele ya AICC, kituo cha mikutano ilikokuwa mahakama hiyo, miaka ile wakijua bosi wa pale katoka wapi.

Nchi za namna hiyo zina unyeti mmoja: kuchanganywa na nyingine. Nalijua hili kwa aibu yangu mwenyewe. Kwenye mkutano mmoja niliandaa meza ya mjumbe wa Dominika, kisiwa kisichofikisha watu 80,000, nikaweka bendera ya Jamhuri ya Dominika, yenye watu zaidi ya milioni 10 wanaosema Kihispania. Yule mama aliitazama, akailaza kifudifudi taratibu, akaendelea kusoma makabrasha yake. Hakusema neno. Heri angenifokea.

Mji mzima haukuwa na bendera yake. Usiku ule nilimpelekea fundi huyuhuyu wa Kaloleni picha niliyochapisha: kitambaa cha kijani, msalaba wa mistari ya njano, nyeusi na nyeupe, duara jekundu katikati, nyota kumi, na ndani yake kasuku wa zambarau. Nyota zilitoka vizuri. Kasuku alitoka kama jogoo aliyenyeshewa.

Asubuhi mama alimshika yule kasuku kwa kidole, akacheka hadi miwani ikashuka puani. Siku ya kuondoka nilikuta meza yake ina kibao cha jina tu. Bendera alikuwa ameshaitia kwenye begi.

"Kumbe ile ilikuwa nchi?" fundi akaniuliza, akitoa pini ya mwisho. "Mimi nilidhani ni timu ya mpira."