Sheikh Abdallah Saleh Farsy aliandika, jamani

Nimeletewa tena rasimu ya tasnifu inayodai kwamba historia ya wanavyuoni (wataalamu wa dini) wa pwani haikuandikwa, bali ilibaki vinywani mwa wazee. Kurasa chache mbele, Sheikh Abdallah Saleh Farsy anatajwa kuwa "chanzo simulizi". Chanzo simulizi vipi? Mtu kaandika kitabu, kikachapwa, kikasomwa!

Sheikh alizaliwa Unguja 1912, akasomesha skuli miaka mingi, akawa Kadhi wa Zanzibar 1960 hadi 1967, kisha Kadhi Mkuu wa Kenya. Alifariki Oman 1982. Wengi wanamjua kwa tafsiri yake ya Kurani ya 1969 na wanaishia hapo. Lakini mwaka 1942 alikwishatoa historia ya Seyyid Said bin Sultan, na 1944 kitabu cha Imam Shafi na wanavyuoni wa Afrika Mashariki, alichokipanua 1972. Wala hakuwa wa kwanza: tarehe ya Kilwa, yaani historia yake, ilikwishaandikwa kabla Mreno João de Barros hajaitumia katika kitabu chake cha 1552.

Wengine wanakubali kwamba kaandika, ila wanasema kitabu hicho cha wanavyuoni ni cha sifa tu. Hili ndilo linalonichosha zaidi. Sifa zimo, na dua zimo. Anawaandika walimu wa walimu wake, mlitaka awaandike vipi? Lakini angalieni anachouliza kwa kila mtu: alisoma kwa nani, alisafiri wapi, alisomesha wapi, nani walitoka mikononi mwake, alikufa lini. Mchukueni Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliyesoma Hadhramaut, Yemen, na kusomesha Ukutani, Unguja. Muwekeni pembeni ya Sayyid Ahmad bin Sumayt, mzaliwa wa Ngazija katika Komoro, kadhi wa Unguja, aliyefika mpaka Istanbul. Wote wawili walifariki 1925. Unganisheni walimu wao na wanafunzi wao, mtaona njia za elimu kutoka Ngazija hadi Lamu na ng'ambo ya bahari, njia ambazo katika majalada ya serikali ya kikoloni hamzikuti, kwa sababu hakuna mkoloni aliyejali nani kamsomesha nani fiqhi, yaani sheria za dini.

Hata kule kushikilia tarehe za vifo sikuoni kuwa ni pambo. Aliyesoma faraidh, elimu ya kugawa urithi, anajua kwamba katika mirathi lazima ijulikane nani alitangulia kufa, la sivyo haki za watu zinapotea.

Na kuhusu tarehe, tafadhalini. Mkikuta mwaka 1343 wa Hijria bila mwezi, msiandike 1925 mkaendelea na safari. Mwaka huo ulianza Agosti 1924 ukaisha Julai 1925. Andikeni 1924/25, au tafuteni mwezi.

Sasa nije kwenye matoleo. Watu wanasema "Farsy anasema" bila kutaja ni Farsy wa mwaka gani. Kati ya 1944 na 1972 yalipita Mapinduzi ya 1964. Familia nyingi za wanavyuoni zilitawanyika Mombasa, Oman na kwingineko, na yeye mwenyewe akahamia Kenya. Kijana aliyeandika 1944 walimu wake wengine walikuwa wangali hai mjini. Mzee wa 1972 aliandika akiwa mbali na mji huo, na miaka hiyo alikuwa akipinga waziwazi mambo aliyoyaona ni bid'a, yaani uzushi katika dini, ilhali miongoni mwa walimu wake walikuwamo masharifu, wazawa wa Mtume, waliozishika mila hizo. Je, alipunguza sifa za baadhi yao, au aliziacha kwa heshima? Mimi bado sina uhakika, na simwamini anayejibu upesi kabla hajayalaza matoleo mawili meza moja. Tena kitabu ni cha Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi. Kukitumia kueleza elimu yote ya Zanzibar, ambako watawala wenyewe walikuwa Ibadhi, madhehebu mengine, ni kumtwisha Sheikh mzigo ambao jina la kitabu chake limeukataa.

Mwenye nakala ya 1944 sandukuni kwao, naomba sana aipige picha kurasa zote, na jalada, na kila kilichoandikwa kwa mkono pembeni. Wasomaji wa zamani walikuwa wakimsahihisha mwandishi palepale ukingoni, na mara nyingine waliandika tarehe za vifo vya watu wao wenyewe.