Alama ya Chaki

Kazi yangu ni kuwashauri mafundi, wafanyabiashara wadogo na makarani wa ofisi juu ya namna ya kutulia kazini na kujijengea mazoea yanayodumu, na katika miaka yote niliyoifanya hapa Tanga, lalamiko ninaloletewa mara nyingi kuliko yote ni moja: "Sina nidhamu." Siku hizi silikubali neno hilo kirahisi. Mtu anayetoka nyumbani alfajiri kwenda Deep Sea kununua samaki, akarudi, akafungua biashara yake saa moja unusu, hawezi kuambiwa hana nidhamu kwa sababu tu daftari lake la hesabu halijaandikwa tangu mwezi uliopita. Alichokosa, mara nyingi, ni kitu cha kumshika mkono pale kumbukumbu inapomtupa.

Nianze na kutulia. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu anapoiacha kazi kabla haijaisha na kushika nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki kwenye ile ya kwanza, na ile ya pili akaifanya kwa upungufu. Kwa hiyo anayesitisha hesabu ili ajibu ujumbe wa kikundi cha harusi asidhani ametumia dakika moja tu, kwa maana akirudi kwenye hesabu zake atakuwa bado anawaza mchango, ukumbi na nani hajalipa.

Jambo hili nililishuhudia kwa fundi cherehani mmoja wa Ngamiani, ambaye amenipa ruhusa ya kumsimulia bila jina. Alikuwa akikata kanzu, futi shingoni, simu ikalia. Mteja alitaka sare za shule, wakataja vipimo, wakaagana. Fundi akarudi mezani, akashika mkasi, akakata mkono wa kanzu kwa inchi 18 badala ya 24, yaani kwa kipimo cha mtoto aliyekuwa akizungumziwa kwenye simu. Kitambaa kilikuwa cha mteja mwenye kanzu, cheupe, na hakikuwa na kiraka cha kukiokoa.

Tangu siku hiyo amejiwekea utaratibu ambao sikumfundisha mimi. Simu ikilia akiwa na mkasi mkononi, huiacha iendelee kulia kidogo, akachukua chaki, akaandika juu ya kitambaa kipimo anachokikata na kuchora mshale kuonyesha mkasi unakoelekea, ndipo hupokea. Nilicheka peke yangu baadaye niliposoma kwamba mwaka 2018 Leroy na mwenzake Theresa Glomb walifikia jambo lile lile kwa njia ya utafiti: mtu anayekatizwa, akichukua muda mfupi kuandika alipofikia na atakachofanya akirudi, fikra huiachia kazi ile kwa wepesi zaidi na kuishughulikia vizuri iliyomkatiza. Karani hana kitambaa, lakini ana karatasi. Mstari mmoja kama "nimefika safu ya saba, nikirudi naanza na stakabadhi za Makorora" ndiyo chaki yake. (Kuhusu simu yenyewe sina mengi: wengi huigeuza kifudifudi mezani wakadhani wameshaiweka mbali. Itieni ndani ya droo.)

Upande wa mazoea inanipasa kukiri kosa, kwa sababu liliwaumiza watu. Kwa muda mrefu niliwaambia wateja wangu kwamba tabia mpya hukamilika kwa siku 21. Idadi hiyo imeenea kutokana na Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji walau siku 21 hivi kuzoea sura zao mpya. Kuzoea pua mpya na kujizoesha kuandika hesabu kila jioni ni mambo mawili mbalimbali, nami sikujishughulisha kuyatenganisha. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2010 walikadiria kwamba muda wa kati wa tendo kuwa la mazoea ulikuwa siku 66, huku wengine wakihitaji 18 tu na wengine hadi 254.

Fundi wangu, ambaye naye nilikuwa nimemwahidi siku 21 za kujizoesha kuandika hesabu, alinirudia siku ya ishirini na tano. "Mwalimu, siku zimekwisha na bado najilazimisha. Mimi mvivu tu, tuyaache." Aibu ile ilikuwa yangu, naye ndiye aliyeibeba.

Tulianza upya kutoka mahali pengine. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1999, alieleza kwamba nia hutekelezeka zaidi mtu akiifungamanisha na wakati, mahali au tukio mahususi: likitokea hili, nitafanya lile. Fundi alikuwa amesema ataandika hesabu "jioni", na jioni ya Ngamiani ni pana, huanza alasiri ikaishia kwenye kahawa baada ya isha. Nikamuuliza ni kitu gani hakosi kukifanya kabla ya kufunga. Akajibu kwamba hufunika cherehani kwa kipande cha khanga kuukuu, kwa sababu ya vumbi la barabarani. Basi daftari likahamia ndani ya khanga ile, likakunjwa pamoja nayo asubuhi, kalamu imefungwa kwa uzi. Hawezi kukunjua kifuniko jioni daftari lisimwangukie mikononi.

Nilipopita kwake mara ya mwisho alinifunulia kurasa. Tarehe moja ilikuwa tupu, siku aliyokwenda msibani Muheza, naye akaanza kujitetea kabla sijauliza. Nilimweleza kwamba watafiti wale wa London waliliangalia hilo pia, wakaona kukosa siku moja hakuharibu mazoea yanayojengeka. Chini ya nafasi ile tupu, kwa mwandiko wa haraka, palikuwa pameandikwa: sare 4, vifungo, umeme, deni la kanzu.