Weka Kafi Mapajani

Wageni wengi wanaopanda mtumbwi Ziwa Duluti, pale Tengeru nje kidogo ya Arusha, hulizunguka mbiombio kisha wakarudi wakilalamika kwamba hawakuona ndege. Wao ndio walioonekana. Ziwa lenyewe ni dogo, limekaa ndani ya shimo la volkano, na msitu umeshuka mpaka majini. Kafi likigonga ubavu wa mtumbwi, sauti inafika mbali.

Nenda asubuhi na mapema, upepo haujaanza. Piga kafi mara mbili tatu, liweke mapajani, acha mtumbwi uteleze wenyewe. Mtu aliyeketi chini bila kurusharusha mikono hawatishi ndege kama anayetembea ukingoni. Mdiria yule wa madoa meupe na meusi ataendelea na kazi yake: anapiga mbawa papo hapo hewani, kichwa kimetulia tuli, halafu anajitupa majini kama jiwe. Samaki akiwa mkubwa, humbamiza kwanza tawini ndipo ammeze.

Wa kuhurumiwa ni mnandi. Manyoya yake hulowa, na kulowa huko humsaidia kuzama anapofukuza samaki. Ndiyo maana akitoka hutanua mbawa juani. Watu hudhani anawapozia picha, wakasogea. Basi huruka angali mbichi, mzito, akitumia nguvu ambayo angeivulia.

Wakati wa viota hasara huzidi. Kenge hupenda mayai, na anayemtimua ndege kwenye kiota amemfungulia kenge mlango. Ndege akikuzunguka kwa makelele, usianze kutafuta kiota kilipo. Rudi ulikotoka, polepole. Hata kabla ya kelele dalili ipo: akiacha kula akakukazia macho, umeshakaribia mno.

Jaketi okozi livaliwe hata na wanaojua kuogelea. Hilo halina mjadala.

Furukombe, yule tai mla samaki, huna haja ya kumtafuta. Kichwa cheupe juu ya mti, na akilia hukitupa nyuma, ziwa zima likasikia. Kule Naivasha, Kenya, waongozaji humpigia mluzi na kumrushia samaki ili wageni wapate picha. Mimi sipendi. Afadhali kumngoja ashuke kwa hiari yake, makucha mbele, na mara nyingi tu utamwona akipaa mikono mitupu.