"By Friday" au "until Friday"? Maneno madogo ya muda yanayotuangusha kwenye imeili za kazini

Kuna sentensi moja nakutana nayo karibu kila wiki kwenye imeili za ofisini, na waandishi wake ni watu wenye digrii zao na uzoefu wao: "Please submit the report until Friday." Kichwani mwandishi alikuwa na jambo lililonyooka kabisa, alitaka kusema ripoti iletwe mpaka Ijumaa, yaani Ijumaa isipite haijafika mezani. Kwa Kiswahili hapo sote tumemuelewa. Ila kwa Kiingereza ameandika kitu kingine, amemwambia mwenzake awe analeta ripoti, alete tena na tena bila kukatisha, alafu Ijumaa ikifika ndo aache.

Kazi yangu ni kufundisha Kiingereza cha kazini, yaani barua, imeili, dokezo, ripoti na vitu vya namna hiyo. Nilichojifunza kwa wanafunzi wangu ni kwamba mtu akikosea maneno ya muda mara nyingi tatizo sio Kiingereza kidogo, tatizo ni kwamba Kiswahili chake kiko vizuri na anakifuata. Sisi tuna neno moja, mpaka, au hadi ukipenda, na linabeba mizigo miwili bila kulalamika. Kiingereza hiyo mizigo kimeigawa, mmoja kakabidhiwa "by" mwingine kakabidhiwa "until", na ukiwabadilishia mizigo hakuna anayekuambia umekosea, ujumbe unaenda tu na maana isiyo yako.

Tofauti yenyewe iko hivi. "By" ni ya kitu kinachofanyika mara moja kikaisha, kuleta fomu, kulipa, kusaini, kutuma, na kinaweza kufanyika siku yoyote ilimradi huo muda uliotajwa usikupite. "Until" ni ya hali inayoendelea bila kukatika, ofisi kuwa wazi, mtu kuwa likizo, bei ya ofa kubaki hiyohiyo, mpaka muda ufike ibadilike. Darasani nawapa kipimo cha Kiswahili kabisa: ingiza neno "endelea" kwenye sentensi yako. "Dirisha litaendelea kuwa wazi mpaka saa tisa" inasikika vizuri, basi hiyo ni "until". "Endelea kuleta fomu yako mpaka Ijumaa" sikio linakataa, basi hiyo ni "by", kwahiyo "Please submit the form by Friday." Sijaona kipimo kingine kinachofanya kazi haraka kama hicho, na uzuri wake hakikulazimishi kufikiri kwa Kiingereza kwanza.

Sasa subiri ukanushe sentensi, hapo ndo pana moto. Mtu wa uhasibu alimwandikia msambazaji hivi: "Your payment will not be processed by Friday." Alichokuwa anataka kusema ni kwamba malipo hayatafanyika mpaka Ijumaa, yaani vumilia tu, Ijumaa hela inatoka. Msambazaji akasoma kilichoandikwa, kwamba Ijumaa itafika na kupita bila malipo. Akasimamisha mzigo. Jumatatu yake kulikuwa na simu nyingi sana na maneno makali pande zote mbili, na ukiitafuta sababu unaikuta kwenye herufi mbili tu, b na y. Ilitakiwa "will not be processed until Friday." Kwenye kukanusha "not until Friday" maana yake Ijumaa ndo siku yenyewe, na "not by Friday" maana yake Ijumaa itatukuta bado hatujafanya. Ni ahadi mbili zinazopingana. Kama unaandika mambo ya hela, ushauri wangu achana na kukanusha kabisa, andika "We will pay you on Friday" mtu alale kwa amani.

Wengi pia huniuliza kuhusu "till", wakidhani ni kifupi cha kivivu cha "until". Sio hivyo, kihistoria "till" ndo neno la zamani zaidi na ni sahihi tu, ila kwenye barua rasmi "until" inakaa vizuri zaidi.

Alafu "until" yenyewe hata ukiitumia panapostahili ina kidonda chake. Umeandika "I will be on leave until 12 March." Je tarehe 12 upo ofisini au haupo? Mimi nikiiuliza hii darasani darasa linagawanyika katikati, na ukiwauliza Waingereza nao wanagawanyika. Wamarekani wana namna yao, wanasema "through 12 March" na hapo tarehe 12 imo ndani ya likizo, ila huku kwetu wengi hawajaizoea. Kwenye mikataba utaona "up to and including", na hiyo ni nzuri japo ni ndefu. Kwa imeili ya kawaida ya likizo andika tu siku ya kurudi, "I will be back in the office on 13 March", hakuna atakayekuja kuuliza tena.

Tuje kwenye "in", "within" na "after", maana hapa mtu anaweza kupoteza haki yake. Tukisema kwa Kiswahili "tutakujibu baada ya wiki mbili" mkono unaenda moja kwa moja kwenye "after two weeks". Kwa Kiingereza "after two weeks" inasema wiki mbili zipite kwanza, kuanzia hapo siku yoyote ni halali, hata miezi mitatu mbele hujavunja ahadi. "In two weeks" inasema wiki mbili zikitimia ndo jibu lako linakuja, karibu na siku hiyo hiyo. "Within two weeks" inasema jibu litakuja kabla wiki mbili hazijaisha, linaweza kuja hata kesho asubuhi. Sasa chukua mfano wa kweli wa Tanzania. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi na anaona hakutendewa haki anatakiwa apeleke mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wengi tunaiita CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Ndani ya. Ukimwandikia barua ya Kiingereza ukaweka "after 30 days" unamwambia asubiri nyumbani mpaka mlango ufungwe, na akija siku ya 31 itabidi aanze kwanza kuomba aruhusiwe kupeleka nje ya muda na atoe sababu za kueleweka. Hilo ni jambo la mtu na watoto wake, kwahiyo nyie mnaoandaa hizo barua naomba sana mlisome mara mbili neno linalotangulia idadi ya siku.

Hapohapo kuna swali la kuhesabu, siku 30 kuanzia lini? Kenya sheria yao ya kutafsiri sheria, ile Sura ya 2, imeliweka wazi, siku ya tukio lenyewe haihesabiwi, na siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu inasogezwa mbele. Ila imeili yako sio sheria na anayeisoma hana kitabu mezani, kwahiyo ukishaandika "within 14 days" ongeza na tarehe yenyewe, "that is, by 20 June." Maneno machache tu hayo.

"Since" na "for" wengi tulifundishwa shuleni, "since" na mwanzo wa jambo, "for" na urefu wake, since 2015, for ten years. Hilo watu wanalijua. Kinachowaangusha ni kitenzi, kwa sababu Kiswahili kinasema "nafanya kazi hapa tangu 2015" na hiyo "na" ya nafanya inavutwa mpaka kwenye Kiingereza, "I am working here since 2015." Inatakiwa "I have been working here since 2015." Na kuna kosa lingine baya zaidi kwa sababu halionekani kama kosa. Mtu anaandika kwenye barua ya maombi "I worked with this company for six years" wakati bado yupo hapo kazini. Sentensi ni safi kisarufi, ila inasema alishaondoka, na kwenye intavyu swali la kwanza linakuwa kwanini uliacha kazi. Kama bado upo, "I have worked". Kama umeondoka, "I worked". Tafadhali fungua CV yako leo uangalie hicho kitu.

Sasa bado. Hili neno nalipenda sana na linanipa kazi sana. Bosi anauliza ripoti imekwisha? Unajibu bado, sentensi imekamilika, kila mtu ameelewa. Kwa Kiingereza bado yetu imepasuliwa vipande viwili, "still" ya kitu kinachoendelea, na "not yet" ya kitu ambacho hakijatokea. Ndo maana unakuta mtu ameandika "The report is still" akaweka nukta, na anayesoma anabaki anasubiri, still nini? Ni "The report is not ready yet", au "I am still working on the report." Zote mbili ni bado, ila ya kwanza inataja kilichopungua na ya pili inaonyesha upo kazini, kwahiyo kwa bosi mimi ningetuma ya pili kama ni kweli.

Na hapo kuna adabu ambayo vitabu vingi haviigusi. Linganisha "I have not received your invoice yet" na "I still have not received your invoice." Kimaana ni kitu kimoja, invoisi haijafika. Ila ya pili ina uso uliokunjamana, ni kama mtu anayesema "mpaka saivi hujaleta?" Ukimwandikia mteja kwa mara ya kwanza tumia "yet". "Still" iweke akiba mpaka ukumbusho wa tatu huko, ambapo unataka kabisa ajue umechoka. Nimeona wenzetu wakituma "still" kwa mteja mkubwa asubuhi na mapema bila kujua wamemfokea, na mteja akajibu kwa ukali nao wakashangaa kakasirikia nini.

Nyingine nazipitia haraka. "On time" ni kwa muda uliopangwa, basi la saa moja kuondoka saa moja. "In time" ni kuwahi kabla mambo hayajaharibika, "we got the documents in time for the board meeting". "Ago" inahesabu kurudi nyuma kuanzia sasa hivi, kwahiyo wiki mbili zilizopita ni "two weeks ago", sio "before two weeks".

Kuna maneno mengine nakuomba usijifunze tofauti zake kabisa, uyaache. "Biweekly" ni moja, kamusi zenyewe zinalipa maana mbili, mara mbili kwa wiki na mara moja kila wiki mbili, sasa wewe utamlazimisha nani aelewe ya kwako? Andika "twice a week" au "every two weeks". "Next Friday" ni lingine, ukiliandika Jumatatu kuna atakayekuja Ijumaa hii na kuna atakayekuja Ijumaa ya wiki inayofuata, na wote wako sahihi. Weka tarehe, na mwezi uuandike kwa maneno, maana 03/04 kwetu ni tarehe 3 Aprili na kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi.

Mwisho niseme kuhusu saa, kwa sababu hii ni ya kwetu, Mwingereza hawezi kuikosea. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta jua halitusumbui, mwaka mzima linatoka saa kumi na mbili au karibu na hapo, ndo maana saa tatu asubuhi yetu ni saa tatu tangu kukuche. Dada mmoja aliyekuwa anaratibu kikao na wafadhili alikuwa na saa tatu asubuhi kichwani, akaandika kwenye mwaliko "3:00 am", tatu ni tatu na asubuhi ni am. Kompyuta haikumuuliza kitu, ikapanga kikao saa tisa usiku, na mfadhili mmoja kule Ulaya akarudisha ujumbe mfupi tu wa kuuliza kama kweli ndo muda huo. Alishukuru Mungu kwamba aliuliza. Dawa ni kuongeza sita au kutoa sita kabla mkono haujagusa kibodi, saa tatu asubuhi ni 9:00 am, saa nane mchana ni 2:00 pm.

Saa sita nayo usiiandike 12 am wala 12 pm, hata NIST, taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, inashauri watu waziepuke hizo mbili kwa sababu zinachanganya, andika "noon" au "midnight". Na kama dedlaini yako ni "midnight on 30 June" watu watabishana ni usiku wa kuamkia tarehe 30 au wa kuamkia tarehe 1 Julai, kwahiyo iandike 23:59 on 30 June ubishi uishe.

Ukiwa na watu wa nje kwenye kikao ongeza na ukanda wa saa, 15:00 EAT, yaani saa za Afrika Mashariki, ambayo ni UTC+3, saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, na ukumbuke kwamba sisi saa zetu hazisogei ila za wenzetu zinasogea. London tunawazidi saa tatu wakati wa baridi yao, na saa mbili kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kile kikao chenu cha kila Jumanne, kama kimepangwa kwa saa za London, wiki ya kwanza baada ya hiyo Jumapili ya Machi kitakuja saa nzima kabla ya muda mliouzoea, kwahiyo Jumatatu yake tuma imeili ya mstari mmoja kuwakumbusha wenzako wa huku.