Je, wajua kwa nini Windows mpya inamsumbua zaidi aliyezoea kompyuta kuliko anayeanza?

Nina duka la steshenari, tunachapa, tunaprinti, tunaskani vyeti, mambo hayo. Mwaka huu niliongeza kompyuta ya pili, hii imekuja na Windows 11 (Windows ni ule mfumo unaoendesha kompyuta), ile ya zamani ilikuwa na Windows 10. Siku ya kwanza tu akaja mama mmoja anataka barua ya mwanae ichapwe fasta maana ana basi la saa nne, mi nikashika mausi nikaitupa kule kona ya chini kushoto nikabofya, badala ya menyu ya Start, ile ya kufungulia programu, ukafunguka ubao wa hali ya hewa. Nikaufunga, nikarudia, hali ya hewa tena. Na nilikuwa najua kabisa kwamba Start imehamia katikati, jana yake usiku nilikuwa nimemwonyesha kijana wangu wa dukani kwa mdomo wangu mwenyewe, lakini mkono ukaenda kona. Kompyuta haikuwa na kosa lolote. Kilichonishangaza ni yule kijana, kaanza kujifunza kompyuta mwaka huu huu, yeye hakuhangaika hata dakika moja.

Sa iweje mwenye uzoefu wa miaka 15 akwame na mgeni apite?

Watu wengi wakikwama hivi wanajisemea aah mi nishazeeka, au haya mambo ni ya vijana. Naomba tuliache hilo kabisa maana sio kweli na linawakatisha watu tamaa bure. Jibu liko kwenye ubongo, jinsi unavyotunza vitu tunavyovijua.

Kuna mgonjwa mmoja anajulikana sana kwenye historia ya sayansi ya ubongo, Mmarekani, anaitwa Henry Molaison. Alikuwa na kifafa kikali, mwaka 1953 akiwa na miaka 27 akafanyiwa operesheni ya kichwa mjini Hartford, wakatoa sehemu za ubongo pande zote mbili, kifafa kikapungua ila kuanzia siku hiyo akawa hawezi kushika jambo jipya, unaongea nae vizuri, unatoka nje kidogo, ukirudi anakusalimia kama hajawahi kukuona. Basi mwanasaikolojia Brenda Milner aliyekuwa anafanya kazi Montreal, Kanada, akampa kazi ya kuchora, afuatishe mistari ya nyota kwa penseli huku mkono wake anauona kwenye kioo tu. Jaribu nyumbani utaona, mkono unaenda kinyume na unavyotaka. Siku ya kwanza alikosea sana kama mtu yeyote. Siku ya 3 anachora vizuri. Na kila alipowekewa ile karatasi alikuwa hakumbuki kabisa kama amewahi kuifanya kazi hiyo maishani mwake!

Hapo ndo ikaonekana kwamba kumbukumbu sio kitu kimoja. Kuna kumbukumbu unayoweza kuisimulia, kwamba Start iko katikati, kwamba mji mkuu wa Rwanda ni Kigali. Alafu kuna kumbukumbu ya mkono, hii inakaa sehemu zingine za ubongo, ndani kabisa na kule nyuma kisogoni, haina maneno, na inajifunza kwa njia moja tu, kurudia. Ndo hiyo inayokuwezesha kuendesha baiskeli huku unapiga stori. Sasa mimi usiku ule nilifundisha ile ya maneno, mkono haukuwa na habari yoyote, wenyewe ulikuwa na majibu yake ya miaka 15 na kila siku ulikuwa unayarudia mara mia hivi.

Mfano ambao kila dereva wa huku anauelewa: magari mengi tunayotumia yametoka Japani, indiketa iko mkono wa kulia wa usukani na waipa kushoto. Siku ukipewa gari la Ulaya, vimebadilishana. Unafika kwenye kona unataka kuashiria, waipa zinaanza kufuta kioo kikavu mchana wa jua. Na anayefuta kioo hivyo ni yule aliyeendesha miaka mingi, mtu aliyejifunzia gari hilo hilo la Ulaya wala hana tatizo. Mwanafunzi hana cha kusahau. Mzoefu ana kazi mbili, ajifunze kipya na huku akizuia cha zamani kisimtangulie.

Sasa turudi kwenye ile kona maana ina historia yake na mi nadhani haithaminiwi inavyostahili.

Kitufe cha Start kilitoka na Windows 95, tarehe 24 Agosti 1995, kikawekwa chini kushoto kabisa. Ikaja XP mwaka 2001, ikaja Vista 2007, Windows 7 mwaka 2009, rangi zinabadilika, umbo linabadilika, ila kona ni ile ile. Na kona kwenye skrini sio sehemu ya kawaida. Mwaka 1954, zamani hata mausi hazijakuwepo, mwanasaikolojia wa Marekani Paul Fitts alipima watu wanavyopeleka mkono kwenye shabaha akaonyesha kwamba muda unaotumika unategemea vitu viwili, umbali wa shabaha na ukubwa wake, ikiwa mbali na ndogo unachelewa maana lazima upunguze mwendo mwishoni ili usiipite. Lakini kona huwezi kuipita! Unaitupa mausi kwa nguvu zako zote, inagonga ukingo wa chini, inagonga ukingo wa kushoto, inakaa hapo hapo. Huhitaji hata kuangalia. Ndo maana mkono wako uliishika kona ile vizuri kuliko kitu kingine chochote kwenye kompyuta.

Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, ikapeleka Start katikati. Kuna jambo moja hapa ambalo wengi hawajaligundua, wanahisi tu kuna kitu hakiko sawa: zile aikoni za chini zimepangwa katikati kama kundi, Start ikiwa ya kwanza kushoto mwa kundi, kwahiyo ukifungua programu nyingine kundi linapanuka na Start inasogea kidogo kushoto, ukifunga inarudi kulia. Yani asubuhi iko hapa, saa sita ukiwa na madirisha manane iko pale. Mkono unajifunza kwa kurudia kitu kile kile mahali pale pale, sasa mahali penyewe panatembea, unatarajia nini? Inabidi jicho litafute kwanza kila mara.

Kingine ni rait-kliki, yani kubofya kwa kitufe cha kulia cha mausi. Zamani uki-rait-kliki faili inakuja orodha ndefu, kila programu uliyoinstoo imejiongezea mstari wake, ikawa kama daftari la madeni, na sababu ya Microsoft, kampuni inayotengeneza Windows, kuifupisha ni ya kueleweka. Ila walipoifupisha, amri za kukata (cut), kopi na pesti zikawa vipicha vidogo, wakati mkono ulikuwa umezoea kushuka mistari kadhaa na kubofya neno. (Matoleo ya baadae wakaandika maneno chini ya vile vipicha, kwa maoni yangu walichelewa.) Ile orodha ndefu yenyewe imefichwa nyuma ya mstari wa mwisho ulioandikwa "Show more options", ukishikilia Shift wakati una-rait-kliki inafunguka moja kwa moja.

Lakini mabadiliko yaliyowahi kuumiza watu kweli kweli ni ya Windows 8, tarehe 26 Oktoba 2012. Mwaka 2010 iPad ilikuwa imetoka, watu wanagusa vioo, Microsoft wakaona kompyuta zote zinaelekea huko, wakaondoa kitufe cha Start chote, miaka 17 baada ya kukiweka, badala yake ukiwasha unakutana na ukuta wa vigae vya rangi. Kwenye tablet vilipendeza. Kwenye kompyuta ya mezani yenye mausi mtu alikuwa hajui hata aizime vipi, maana kitufe cha kuzima kilikuwa ndani ya menyu iliyojificha pembeni kulia, lazima upeleke mausi kwenye kona ya kulia ndo ijitokeze, uingie settings, ndo ukute power. Malalamiko yakawa mengi sana. Oktoba 2013 Windows 8.1 ikarudisha kitufe, na Julai 2015 Windows 10 ikarudisha menyu yenyewe, na namba 9 wakairuka. Tujiulize, mamilioni ya watu wakikwama siku moja wote wanakuwa wazee? Wote hawana akili? Hapana, mikono yao ilikuwa imesoma kitu kimoja miaka 17.

Na kuna kitu nimekifikiria, kwamba Windows inayofanana na ya zamani inaweza kukupotosha kuliko ile iliyobadilika yote. Dereva wa lori anayetoka Dar kwenda Kigali akivuka pale Rusumo anatoka kushika kushoto anaingia kushika kulia, na mpakani hasahau, kila kitu kinamwambia umehama, geti, magari yanayokuja mbele, lugha za mabango. Hatari ni baadae, barabara tupu, alfajiri, amechoka, hakuna gari la kumkumbusha, hapo mazoea yanarudi. Na kwenye kompyuta ni hivyo hivyo, mambo yote ukiyaona kama jana mkono unasema niko nyumbani, unaenda kona. Njia ya zamani kwenye ubongo haifutwi, inafunikwa tu na mpya, siku una haraka na foleni ya wateja inachungulia tena.

Mtu atasema basi tubaki na za zamani. Hapa siwezi kukubaliana nae. XP ilipendwa sana lakini tarehe 8 Aprili 2014 ikaacha kuhudumiwa, Windows 7 Januari 2020, Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa hii wametoa utaratibu wa kujiandikisha upate apdeti za usalama kwa mwaka mmoja zaidi. Ikifika tamati maana yake tundu jipya la usalama likigunduliwa hakuna wa kuliziba. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu nchi nyingi kikidai fedha, hospitali za Uingereza zikaahirisha mpaka operesheni, na kiraka cha lile tundu Microsoft walikuwa wameshakitoa mwezi Machi, walioumia ni ambao hawakukiweka au walikuwa kwenye Windows isiyohudumiwa. Mi dukani napokea flashi za kila mtu, siwezi kucheza na hilo. Shida ni kwamba Windows 11 inakataa kompyuta nyingi za zamani, inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa isiyo kuukuu, na huku kwetu kompyuta nyingi ni za mtumba, kwahiyo ukienda kununua uliza hilo kabla ya bei.

Ukishahamia sasa, mi nakushauri mambo yafuatayo kutokana na nilivyoona mwenyewe. Start irudishe kona, usione aibu: rait-kliki sehemu tupu ya ule mstari wa chini, ingia Taskbar settings, kisha Taskbar behaviors, pale kwenye alignment chagua Left. Hapo umeirudisha kwenye kona isiyotembea. Vingine vyote viache vilivyo, usianze kuinstoo programu za kuigeuza iwe kama Windows 7, maana unauchelewesha mkono kujifunza. Na kama unaweza, usichanganye, wiki ya kwanza kaa kwenye kompyuta moja tu, mi nilipokuwa naruka ya zamani na mpya ndani ya saa moja nilikosea kote kote.

Alafu tumia kiibodi, hili ndo kubwa. Vitufe vya skrini vinaweza kuhamishwa toleo lolote ila vya kiibodi havihamishwi. Kukopi na kupesti kulitengenezwa miaka ya 1970 na Larry Tesler na wenzake kwenye maabara ya Xerox kule California, kisha zile herufi nne zilizopangana chini kushoto, Z, X, C na V, zikatumika kwenye kompyuta ya Apple Lisa mwaka 1983, Windows nayo ikazichukua kwa Ctrl, mpaka leo ni zile zile. Kitufe chenye alama ya dirisha ukikibonyeza kinafungua Start popote ilipo, ukikishika na E yanafunguka mafolda, na D unaona desktopu, hivyo tangu miaka ya 1990.

Kuna mzee mmoja mwalimu mstaafu huwa anakuja kuchapa mwenyewe barua zake, hapendi kuchapiwa. Alipoikuta kompyuta mpya alisimama, akasema mwanangu mi hii sitaiweza. Nikamwambia shikamoo kwanza baba, alafu achana na mausi, bonyeza hiki chenye dirisha kisha andika tu word. Akabonyeza, akaandika, akabonyeza Enter, ukurasa mweupe ukafunguka, akavuta kiti akakaa.