Kwa nini mwendesha mashtaka ndiye stelingi wa tamthilia za Kikorea?

Maiti imeokotwa. Polisi wamezungusha utepe, mpelelezi hajamaliza hata kuvaa glavu, mara anashuka kijana wa suti nyeusi na kila mtu anampisha njia. Si kamishna wala daktari. Ni mwendesha mashtaka. Ataikagua sehemu ya tukio mwenyewe, ataamuru simu ya marehemu ichunguzwe, atamhoji mtuhumiwa ofisini kwake uso kwa uso, na ikifika sehemu ya kumi atakuwa ama amemjua muuaji, ama amenunuliwa na tajiri, ama vyote viwili. Tamthilia za Kikorea za uhalifu na mahakama ni nyingi mno, lakini huyu jamaa hakosekani.

Mtazamaji wa Afrika Mashariki ana kila sababu ya kushangaa. Kwetu Tanzania, kwa kawaida polisi hupeleleza, kisha jalada hupelekwa kwa mawakili wa Serikali wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Kenya nako idara ya upelelezi, DCI, hupeleleza na ofisi ya mashtaka, ODPP, hushtaki, na wakitofautiana magazeti hupata cha kuandika wiki nzima. Wakili wa Serikali tunayemjua ni yule anayesimama mbele ya hakimu na kusema upelelezi haujakamilika, anaomba tarehe nyingine. Huyu wa Seoul anayekimbiza watu kwenye maegesho ya magari katoka wapi?

Je, waandishi wa Korea wanatia chumvi? Kwenye mbio na ngumi, ndiyo. Kwenye mamlaka, hata kidogo.

Chanzo ni polisi wa mkoloni. Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945, na mkono wa utawala uliomfikia mwananchi kila siku ulikuwa wa askari polisi. Uhuru ulipokuja, wengi wa askari wale wale waliendelea na kazi zao kana kwamba hakikutokea kitu. Kwa hiyo wabunge walipotunga Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai mwaka 1954, swali lililowakaa kichwani lilikuwa nani awashike polisi. Waliona hatari ya kurundika nguvu zote kwa ofisi moja, na walilijadili hilo bungeni. Lakini kati ya kumwogopa polisi na kumwogopa mwanasheria, wakachagua mwanasheria. Polisi wakawekwa chini ya maelekezo ya mwendesha mashtaka, naye akabaki na uwezo wa kupeleleza mwenyewe tangu mwanzo wa kesi.

Mwaka 1962 yakaongezwa mengine kwenye Katiba yenyewe. Hati ya kukamata au ya upekuzi hutolewa na jaji, lakini anayeiomba lazima awe mwendesha mashtaka. Kwa hiyo askari mwenye ushahidi mkononi, anayetaka kuingia nyumbani kwa tajiri fulani, hawezi kwenda kwa jaji moja kwa moja. Anapeleka maombi yake kwa mwendesha mashtaka na kusubiri. Kwa muda mrefu, akikataliwa, habari ilikuwa imekwisha. Ile picha ya mpelelezi wa makamo, koti limemchakaa, amekaa kwenye korido akisubiri kijana aliyemzidi elimu amalize kunywa kahawa, haikubuniwa na mwandishi yeyote.

Juu ya hayo yote, ni ofisi hiyo peke yake iliyokuwa na haki ya kumfikisha mtu mahakamani. Na sheria ile ile ya 1954 ilimruhusu mwendesha mashtaka kuamua *kutomshtaki* mtu hata kama ushahidi upo. Mimi naona hapa ndipo tamthilia zote nzuri za aina hii zinapoanzia. Nguvu ya kushtaki inaonekana, ina kamera na waandishi wa habari. Nguvu ya kuacha haionekani. Jalada linawekwa kwenye droo, droo inafungwa, na hakuna aliyevunja sheria.

Aliyelielewa hilo kuliko wote ni Lee Soo-yeon, mwandishi wa *Stranger*, iliyoonyeshwa na kituo cha runinga cha tvN mwaka 2017. Stelingi wake, Hwang Si-mok, alifanyiwa upasuaji wa ubongo utotoni na tangu hapo hisia zake zimefifia, hivyo hapendelei mtu wala hamwonei mtu haya. Anayeuawa sehemu ya kwanza ni mfanyabiashara aliyekuwa akiwafadhili waendesha mashtaka. Angalia jinsi rushwa inavyochorwa humo. Hakuna begi la noti linalopitishwa chini ya meza. Ni chakula cha jioni, pombe, fadhili ndogo ndogo, mpaka siku mtu anapogundua kwamba hawezi tena kusema hapana. Nayo haikutoka hewani: mwaka 2010 mkandarasi mmoja wa Busan alijitokeza hadharani akasema amewalisha na kuwastarehesha waendesha mashtaka kwa miaka mingi, na nchi nzima ikachafuka.

Msimu wa pili, wa 2020, unahusu vikao vya polisi na waendesha mashtaka wakigombania nani apeleleze nini. Wengi waliuona mzito. Mimi niliufurahia kuliko wa kwanza, kwa sababu kila mzungumzaji mezani ana hoja, na kila mmoja ana uchafu wake wa kuficha.

Kuna jambo jingine linalomchanganya mtazamaji mgeni, nalo ni kuinamiana. Mbona mtu mwenye kesi ya mauaji anatetemeka mbele ya mkubwa wake kuliko mbele ya muuaji? Kwa muda mrefu ofisi hii iliendeshwa kama mwili mmoja: amri inatoka juu, kila mmoja anafuata. Na cheo kilihesabiwa kwa mkupuo, yaani mwaka uliopita mafunzo ya kitaifa ya wanasheria baada ya kufaulu ule mtihani mgumu wa uanasheria, uliofutwa 2017. Mdogo wako wa mkupuo akiteuliwa kuwa Mwendesha Mashtaka Mkuu, desturi ilikutaka ujiuzulu ili usimtie aibu ya kukuamuru. Unaondoka ukiwa na miaka hamsini na kitu, una nguvu bado, unaenda wapi? Kwenye kampuni kubwa ya mawakili, ambako wateja wanalipa vizuri wakitumaini kwamba wadogo zako uliowaacha ofisini hawatakusahau. Wakorea wana jina la desturi hiyo, *jeongwan yeu*, heshima kwa aliyekuwa na cheo. Kwa hiyo yule mzee mwenye mvi safi anayetokea upande wa utetezi, na jaji anashindwa kumtazama machoni, hajawekwa pale kwa bahati mbaya.

Na mteja wake ni nani? Ni chaebol, yaani kampuni kubwa zinazomilikiwa na ukoo mmoja, baba akimwachia mwana. Hapa tamthilia hurudia mambo mpaka unaweza kuyataja kabla hayajatokea. Maofisa wanatoka makao makuu ya kampuni wamebeba masanduku ya bluu yaliyojaa nyaraka. Mwenyekiti anafika kuhojiwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, barakoa usoni, ingawa jana alikuwa anacheza gofu. Kila moja ya picha hizo Wakorea wameiona kwenye taarifa ya habari kabla ya kuiona kwenye tamthilia.

Halafu hukumu. Sheria ya jinai ya Korea inamruhusu jaji kusimamisha kifungo kisichozidi miaka 3, kwa kipindi kisichozidi miaka 5. Mtu asipokosea tena katika kipindi hicho, gerezani haendi. Sasa chukua kiwango cha juu kabisa cha kila kimoja, uviweke pamoja: miaka 3, imesimamishwa kwa miaka 5. Ndiyo hukumu kali kuliko zote inayomruhusu mtu kwenda kulala nyumbani kwake. Chung Mong-koo wa Hyundai aliipata mwaka 2007 mahakama ya rufaa. Lee Kun-hee wa Samsung naye akaipata, kisha Desemba 2009 Rais akamsamehe ili asaidie kuiombea Pyeongchang Michezo ya Olimpiki. Wakorea wakabaki na msemo wao wa «tatu-tano», na mwandishi wa tamthilia hahitaji kueleza zaidi. Jaji akitamka namba hizo mbili, sebule nzima inaguna.

Ukilijua hilo, hutashangaa kwa nini tamthilia za kulipiza kisasi zimejaa. Mwaka 2008 mtoto wa miaka 8 alibakwa kikatili huko Ansan, na aliyefanya hivyo akahukumiwa miaka 12 tu kwa sababu mahakama ilizingatia kwamba alikuwa amelewa. Akatoka Desemba 2020. Aprili 2021 kituo cha SBS kikaanza kuonyesha *Taxi Driver*, kuhusu kampuni ya teksi inayowalipizia walioonewa, na inafungua kwa mbakaji anayetoka gerezani huku umati unamzomea nje. Sipendi sana tamthilia hizi, kwa kuwa ngumi zinapata majibu kirahisi mno. Lakini siwezi kusema sijui hasira ile imetoka wapi.

Droo ikifungwa, saa nayo inaendelea kutembea. Mpaka 2007 kosa la mauaji Korea lilikuwa na ukomo wa miaka 15. Ikipita, hata muuaji akikiri hashtakiwi. Ukasogezwa hadi 25, na Julai 2015 ukafutwa kabisa, baada ya kilio cha wazazi wa mtoto wa miaka 6 wa Daegu aliyemwagiwa tindikali mwaka 1999 akafariki. Kesi yake yenyewe ilikuwa imeshapitwa na muda. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2016, ikatoka *Signal*, ambamo mpelelezi wa sasa anazungumza kwa redio ya upepo na mpelelezi wa zamani. Kesi ya kwanza inagombana na saa ya ukutani, dakika za mwisho kabla ya ukomo. Ukitazama bila kujua historia utaona ni ujanja wa kutia presha. Mkorea alikuwa anatazama msiba wa jana.

Humo pia mna kesi iliyoigwa kutoka Hwaseong, ambako wanawake na wasichana 10 waliuawa kati ya 1986 na 1991. Mwaka 2019, miaka mitatu baada ya tamthilia, vipimo vya DNA vilimpata mhusika: mtu aliyekuwa tayari gerezani maisha kwa kumuua shemeji yake mwaka 1994. Alikiri. Hakuweza kushtakiwa, ukomo ulikuwa umepita. Na Desemba 2020 mahakama ikamsafisha mwanamume mwingine aliyekuwa ametumikia karibu miaka 20 kwa mojawapo ya mauaji yale, aliyokuwa amelazimishwa kukiri. Hakuna mwandishi ambaye angethubutu kuandika mwisho kama huo.

Waandishi wanapodanganya ni kwenye vitu vidogo. Majaji wa Korea hawagongi nyundo, ila mabango ya matangazo yanaipenda nyundo. Wale raia wanaokaa pembeni kusikiliza kesi wapo tangu 2008, lakini mshtakiwa ndiye anayechagua kuwa nao, na maoni yao hayamfungi jaji, kama ilivyokuwa kwa wazee wa baraza wetu. (Na kama umejiuliza mbona kisu kinawekewa ukungu kwenye skrini ilhali damu imetapakaa sakafuni, hizo ni kanuni za utangazaji wa runinga. Kwenye tamthilia zilizotengenezwa na Netflix yenyewe kwa kawaida ukungu haupo.)

Nje ya skrini, ofisi yenyewe imetikisika. Tangu Januari 2021 polisi wana uwezo wa kufunga majalada wenyewe, na waendesha mashtaka waliachiwa makosa ya aina 6 tu ya kuanza kuyapeleleza. Mwaka 2022 yakapunguzwa hadi 2, rushwa na uchumi. Mwaka huo huo Yoon Suk Yeol, aliyewahi kuwa Mwendesha Mashtaka Mkuu, akaingia Ikulu. Tarehe 3 Desemba 2024 akatangaza utawala wa kijeshi, ukadumu saa chache, na Aprili 2025 Mahakama ya Katiba ikamwondoa. Septemba 2025 Bunge likapitisha sheria ya kuivunja ofisi nzima ya mashtaka na kuigawa: upelelezi wa makosa makubwa upande mmoja, kushtaki upande mwingine.

Stelingi wetu, basi, anapokonywa bastola. Nadhani miaka michache ijayo tutaona polisi wengi zaidi wakibeba hadithi peke yao, na tamthilia nyingi za kukumbuka enzi za ofisi ile. Lakini sheria hiyo ya Bunge haikuigusa Katiba, na Katiba bado inasema hati ya kukamata haiombwi ila na mwendesha mashtaka. Mpelelezi atakuwa na jengo lake na bosi wake, na bado atapeleka karatasi kwa mtu yule yule ili aisaini. Waandishi wa Korea wakikosa cha kuandika hapo, watakuwa wamejitakia.